Buibui la Kuazima

Siku ya kwenda maktaba ya sheria niliazima buibui na ninja ya kufunika uso kwa jirani yetu Swabaha, nisijulikane njiani. Mji wa Kale una macho. Mama alikuwa amenionya kuwa mambo ya ndoa ni sitara, hayatolewi nje. Lakini Zakariya, aliyeniacha mwaka jana, alitaka kumchukua mwanetu Ummukulthum, na kesi ilikuwa juma lijalo. Nilitaka kujua sheria inasemaje.

Mtunza maktaba, Bwana Musyoka, aliniuliza nataka kitabu gani. Nikanong'ona, cha mambo ya watoto. Akaniletea, akanionyesha pa kukaa. Kumbe Kizungu kitupu, nami niliishia darasa la nane. Niliona haya kumrudia. Nikawa nafungua kurasa polepole, kama ninayesoma.

Mkabala wangu alikuwapo mwanamke mwingine, naye kajifunika uso. Nilimwona akiacha kusoma. Akanusa, akanusa tena. Kisha akasema chini kwa chini:

"Wifi Raihana. Buibui umebadilisha, udi hukubadilisha."

Alikuwa Sheikha, dadake Zakariya. Udi ule mamake huuchanganya mwenyewe, na asubuhi ile nililifukiza buibui la watu kwa mazoea tu. Nilitamani ardhi inimeze. Si kwamba alinikuta pale. Ni kwamba amejua bado najifukiza udi wa kwao.

Nikamwambia nimepotea, natafuta ofisi nyingine.

"Na mimi nimepotea," akasema. Akakifunika kitabu chake kwa mkono. Hapo nikakumbuka maneno niliyoyasikia kwenye arusi moja, kwamba mumewe Sheikha amewazuia watoto wao Malindi, kwa jamaa zake mume.

Nikakisukuma kitabu changu kwake.

"Kizungu sikijui, wifi."

Alikitazama sana. "Zakariya ni kakangu. Nikikusomea, nyumbani nitakukana."

"Nikane."

Akanisomea na kunifasiria, polepole, bila kunitazama. Kwamba maslahi ya mtoto ndiyo hutangulia. Baba hapewi kwa kuwa ni baba tu. Nikamrudishia maneno yale mpaka nikayashika.

Siku ya kesi alikaa upande wa kakake, hakunisalimu. Hakimu aliponiuliza, niliyasema kama nilivyofasiriwa, na jinsi mwanangu anavyolala, anavyosoma, anavyougua pumu. Hakimu akaamua abaki kwangu.

Zakariya aligeuka akauliza kwa sauti nani kanifunza haya. Sheikha akainamisha kichwa. Nami nikasema sikufunzwa na mtu.