Ni Tangawizi Tu

"Zote?"

"Sasa ningebakisha za nini? Ziharibike?"

"Mama, nauliza, zote?"

"Mwanangu, chai ya watu wengi hivi utaweka tangawizi ya kunusa tu? Na si wewe mwenyewe ulikunywa vikombe viwili ukasema iko fiti?"

Namalwa alikuwa amesimama mbele ya friji, mlango wazi, anaangalia ile rafu ya chini ambayo chupa zake zilikuwa zimepangwa asubuhi. Sasa rafu ilikuwa na sukuma na nusu kabeji. Nyuma yake mama mkwe wake alikuwa anasugua sufuria, leso kiunoni, hana hata wasiwasi.

Makhanu, bwana yake Namalwa, alikuwa kwa mlango, vumbi ya chuma kwa nywele. Ndio alikuwa anatoka kuchomelea madirisha kwa zile nyumba mpya za Lanet. Kabla hata avue viatu alijua hii moto ni yake.

Kwa sababu ni yeye alisema. Mama alipofika wiki iliyopita kutoka Kimilili, swali la kwanza lilikuwa hizo chupa ni za nini, na Makhanu akajibu haraka haraka, "Ni tangawizi tu, mama."

Uongo haukuwa. Ilikuwa tangawizi kweli, lakini si ya chai. Namalwa alikuwa na henia. Utumbo ulikuwa umepenya pale alipopasuliwa akizaa mtoto wa pili, ukatokeza kama ngumi chini ya ngozi. Daktari akasema apunguze kilo kwanza ndio ashonwe, la sivyo mshono utaachilia tena. Ndio akaingizwa kwa utafiti wa kupunguza kilo hapo town. Watu wa utafiti wanachuja kutoka kwa tangawizi vitu vidogo wanaita nano, vimefungwa na mafuta yao yenyewe ndio tumbo lisivisage, vifike kwa utumbo vikiwa vizima. Hawakuahidi kitu. Walisema tu vikae kwa baridi, visiwahi kuguswa na moto. Na ni kweli Namalwa alikuwa ameanza kupungua.

Hapo ndipo shida ilianzia. Kwao Makhanu, mtu akikonda hakuna anayempigia makofi. Watasema ni ule ugonjwa, ama watasema bwana ni bure, hata bibi mmoja kulisha imemshinda. Mama aliona Namalwa kwa video akapiga nduru, "Hii shingo ni ya batamzinga!" Kesho yake akapanda basi na majogoo kwa katoni na unga ya wimbi. Makhanu angemwambia nini? Kwamba bibi yake ameharibika tumbo na anajaribiwa dawa kama panya? Kimilili yote ingejua kabla ya Jumapili.

Walitoka nje, yeye na Namalwa, wakasimama nyuma ya tangi la maji. Makhanu akampigia Jepkoech, nesi wa utafiti, akaweka sauti juu.

"Imechemshwa?" Jepkoech akauliza. "Basi hiyo ni chai, ndugu yangu. Kama chai nyingine yoyote."

"Sister, tafadhali. Hii henia juzi ilikataa kurudi ndani. Alilala chali akilia."

"Ndio ninaogopa hivyo. Ikijinyonga huko, utumbo unaoza. Naweza kuombea daktari atoe zingine, mara moja tu. Lakini nitamwambia nini? Dawa inalala kwa jikoni ya mtu hajui ni dawa? Ongea na mama yako, kisha unipigie."

Akakata.

"Umesikia," Namalwa akasema. Mkono wake ulikuwa umeshika tumbo. "Mimi nikimwambia, ni madharau ya bibi. Wewe ni wake. Sema tu, mama, Namalwa ni mgonjwa. Maneno matatu."

"Nitamwambia."

"Saa hii, Makhanu."

Akaingia. Mama alikuwa amepakua. Ugali ya wimbi inafuka moshi, kuku imekaa kwa mchuzi. Na firigisi, ile ambayo kwao mwanamke hata akizeeka haonji, ile ambayo Makhanu amepewa yeye tangu baba yake azikwe, ilikuwa kwa sahani ya Namalwa.

"Usiniangalie hivyo," mama akasema. "Mila itangoja. Huyu mtoto akufe nikichungia mwanaume kipande cha nyama? Ale. Mpaka nione ameshiba."

Makhanu akafungua mdomo.

"Mama."

"Eh, baba."

Namalwa alikuwa kwa mlango, anasikia. Mama alikuwa anamtazama Makhanu na yale macho yake ya kuchoka, kijiko mkononi, anangoja.

"Hii mchuzi," Makhanu akasema, "imepungukiwa chumvi."

Namalwa aliingia chumbani, akatoka na mkoba. Akainama mbele ya mama mkwe wake vile anastahili. "Asante, mama. Naenda kuona dadangu kidogo."

"Na chakula?"

"Watoto watakula."

Makhanu alimshika kwa geti. "Unaenda wapi, we?"

"Huko Bahati, kwa dadangu Edinah. Ana friji. Na haoni aibu. Jepkoech nitampigia mimi."

"Ngoja basi. Kesho nitaongea na mama, haki. Kesho asubuhi."

"Utaambia hii tumbo ingoje kesho?"

"Namalwa, acha hivyo." Alikuwa ameshika kamba ya mkoba na mikono miwili, machozi yamejaa. "Ukitoka hivi, mama atasema nini?"

Namalwa alimtazama, akamtazama tena, kama mtu anasubiri aongeze kitu. Hakuongeza. Akatoa vidole vya Makhanu kwa kamba, kimoja baada ya kingine, pole pole, bila hasira. Akageuka, mkono mmoja umeinua tumbo kutoka chini, akaanza kutembea kuelekea lami.