Juu Kuna Mwenyewe

"Nimeshika," alisema Twiga. "Ngazi hii nimeishika imara kuliko nilivyomshika mke wangu siku ya harusi."

"Ndiyo maana mkeo haishi kulalamika," Mama Rangi alimjibu, lakini sauti yake haikuwa na mzaha. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya kidato cha kwanza. Wa kushoto, wenye kovu jembamba lililopinda kando ya kifundo, ulikuwa bado sakafuni, na haukuonyesha dalili ya kutaka kwenda popote.

Walikuwa ndani ya maktaba ya shule ya msingi, chumba kirefu kilichonuka vumbi la msasa. Kuta zilikuwa na rangi mbili. Chini, mpaka pale mkono wa Twiga ulipofika, ziling'aa rangi ya maziwa. Juu palibaki kijani cha zamani, kimepauka na kubanduka magamba.

Wawili hao walikuwa wamepaka rangi pamoja miaka tisa. Twiga alikuwa mrefu, milango yote ya mjini ilikuwa imekwisha kumgonga kipaji cha uso. Lakini mpandishe ngazi vidato vitatu tu, magoti yataanza kusalimiana. Mama Rangi alikuwa mfupi, na ngazini alikwenda kama mjusi. Basi waligawana kuta: Twiga chini, yeye juu, na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu.

Tatizo lilikuwa kifundo cha Mama Rangi. Kwa miaka sita kilikuwa kikimpindukia: leo kwenye kijiwe, kesho kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe. Alikifunga kitambaa akaendelea na kazi. Mpaka siku moja, kwenye ngazi za saruji za shule hiyohiyo, kilipinduka akiwa na ndoo mkononi. Rangi ilishuka mbele, yeye akafuata. Daktari alimwambia kwamba kano zinazoshikilia kifundo zimelegea kama lastiki ya soksi kuukuu, na dawa yake ni kisu tu.

Akapasuliwa. Wiki za kwanza alilala mguu ukiwa juu ya mito, umefungwa plasta, akiitazama dari ya chumba chake na kuona kila mahali alipokosea kuipaka. Kisha yakaja magongo, kisha buti gumu la plastiki, kisha mazoezi. Na mazoezi yalikuwa na askari wake: mama mkwe.

"Simama kwa mguu mmoja," mama mkwe aliamuru kila asubuhi jikoni, naye akisimama kwa wake, mwiko mkononi, na miaka yake sabini na mbili. "Moja. Mbili. Korongo gani huyu anayumba?"

"Mama, mimi mgonjwa."

"Na mimi mzee. Tatu."

Wiki nne nzima mzee alimshinda. Wiki ya tano Mama Rangi alifika arobaini, mama mkwe akawa wa kwanza kushika meza, na bibi huyo akaenda kuwatangazia majirani kana kwamba ni yeye aliyepata nafuu.

Maumivu yaliondoka polepole, kama mgeni anayeaga mara tatu. Hofu ilibaki. Juzi tu, mtaalamu wa mazoezi, binti asiyependa maneno mengi, alikisukuma kifundo huku na huku, kisha akakiachia. "Mguu wako umepona kabla yako," alisema. "Kazini."

Miezi mitano yote hiyo Twiga alikuwa amepaka nusu ya chini ya kila kitu alichopewa: mageti, viambaza, vyoo vya soko. Mwalimu mkuu alimwuliza mara mbili, "Na huku juu, fundi? Si utafute mtu mwingine?" Mara zote mbili jibu lilikuwa moja: "Juu kuna mwenyewe, mwalimu. Anakuja." Mara ya tatu mwalimu alimpa mpaka Ijumaa, watoto wakifungua shule Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama Rangi alikitazama kidato cha pili akaona saruji, ndoo, weupe ukitiririka.

"Dada," Twiga alisema kwa upole. "Ukishindwa leo, tutamwomba mwalimu wiki moja zaidi. Akikataa, na akatae."

"Nyamaza kidogo."

Akapiga moyo konde. Mguu wa kushoto uliondoka sakafuni. Kidato cha pili, kifundo kikabeba. Cha tatu. Cha tano, na hapo ukaanza mtetemo mdogo, akasimama, paji lake likigusa chuma baridi. Alijisikiliza. Hapakuuma popote. Kilichokuwa kikitetemeka ni paja, uvivu wa miezi mitano, si kingine.

"Vipi huko?" Sauti ya Twiga ilikuwa nyembamba.

"Paja linalia. Kifundo kimenyamaza."

Akacheka, ndipo Twiga naye akapumua. Vidato vilivyobaki alivipanda bila kuvihesabu. Huko juu alikwangua magamba ya kijani, akachovya brashi, akavuta mstari wa kwanza. Rangi iliteleza ukutani ikanywewa. Kisha ikaja kona, pale ambapo ni lazima uegemee upande, uzito wote uangukie mguu wa nje. Akaegemea. Kifundo kiliinama kidogo, kikakaza, kikamshika.

Twiga, chini, aliona wayo wa kushoto ukitulia, kisigino kikishuka taratibu. Akafuta macho kwa mkono wenye rangi akasingizia vumbi, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Karibu na dari palikuwa na kidirisha cha kupitishia hewa, kimeganda kwa rangi za miaka. Mama Rangi alikipiga kwa kiganja mara mbili, kikafunguka, upepo ukaingia. Ng'ambo ya uwanja, juu ya paa la jirani, mtu mmoja alikuwa amechuchumaa akipigilia bati, misumari mdomoni. Alimwona Mama Rangi kidirishani. Hakuweza kusema kitu, kwa hiyo aliinua nyundo.

Mama Rangi aliachia ngazi mkono mmoja, akainua brashi.

"Unampungia nani?" Twiga aliuliza, huku tone jeupe likimdondokea puani.