Kuziba Masikio ya Gitare

Treni ilikuwa imeshaanza kuvuta mabehewa, polepole, na minyi niko juu ya gunia la mahindi, gitare ya kanisa ndani ya mfuko, kati ya magoti. Vita ilikuwa imefika kaskazini. Watu wa Kabongo walikuwa wanaingia Kamina na magodoro kichwani, na mimi nilikuwa nimekaa Kamina kupita nilivyozoea kukaa mahali popote. Miguu iliniwasha. Mwalimu Philémon, mkuu wa kwaya ya Wametodisti, alikuwa amenipa gitare yao niitengenezee Lubumbashi, nami nikafurahi kupata sababu ya kuondoka.

Askari kijana, Divin, alikuwa anapita katikati ya mizigo. Akagonga mfuko wangu na mtutu.

"Vieux, mzee, iko nini humu?"

"Gitare, mwana. Imekufa. Haisemi tena."

"Imekufa na nini?"

"Waya zake zimeoza. Iko na micro mbili ndani, moja..."

Sikumaliza. Sisi mafundi tunaita micro ile sumaku iliyozungushiwa waya, inayokaa chini ya nyuzi na kushika mtetemo wake. Njo jina lake kwa Kifaransa, sikulitunga. Lakini askari wa wakati wa vita anajua micro moja tu: ile ya kusikiliza watu.

"Micro mbili! Amezificha ndani ya ubao!" Divin akapiga kelele. "Shuka! Shuka, espion! Mpelelezi!"

Nilishushwa treni ikiwa bado inatambaa. Mama mmoja juu ya magunia akasema, "Na mvi zote zile, haya hana!" Treni ikaenda na yeye, ikaniacha.

Walinifungia katika depo ya mizigo pale gare, kituo cha treni, chumba cha bati chenye dirisha la nondo. Nje palisimama lori la kijani. Waliopandishwa lori lile, ndugu zao waliacha kuulizia. Haukupita muda wakamleta Philémon, chaki bado kwenye mikono ya shati, maana gitare ilikuwa ya kwaya yake.

"Papa Kapenda, uliwaambia nini?"

"Ukweli."

"Lo! Katika vita hii?"

Luteni Abner, mkubwa wa Divin, akaingia. Alikuwa mtu msafi, anayesema kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini njo ilitutisha. Aligusa zile micro na ncha ya kidole.

"Hizi zinasikiliza nani?"

"Nyuzi tu, mon lieutenant."

"Tutaona. Tengenezeni hapa, mbele ya Divin. Mangaribi naleta batri na bafle ya kwaya yenu, ile ya kutolea sauti. Micro zote mbili ziimbe. Ile itakayonyamaza, njo ya kusikiliza. Na kama moja inashika sauti ya muntu, munapanda lori."

Alipotoka, Philémon akanisogelea sikioni. "Papa, ile ya karibu na shingo inashika sauti."

"Inashika namna gani?"

"Kuna dimanche moja, kwenye ibada, Talitha wa soprano alikohoa juu yake, kanisa nzima ikasikia kifua chake. Mama Éliane wa kanisani akasema ni malaika."

Nikajua ugonjwa. Waya wa ndani ya micro ni mwembamba kuliko unywele, umezungushwa mara nyingi sana, na huko kiwandani wanauzamisha katika nta usitikisike. Hii ilikuwa imezeeka, nta imekauka na kudondoka. Waya uliolegea unatikiswa na sauti yoyote. Kumbe Divin alikuwa amesema kweli bila kujua: gitare yetu ilikuwa inasikia.

"Tuikate tu hiyo moja," Philémon akasema.

"Itanyamaza. Na inayonyamaza njo ya kusikiliza."

Akaanza kukunja mikono ya shati.

Nikamwomba Divin mbabula yenye makaa, nipashe moto chuma changu cha kusude, cha kuunganishia waya kwa risasi, pamoja na radio moja mbovu iliyotupwa pale depo, ninyofoe kitufe chake cha sauti nikitie kwenye gitare. Halafu nikaita dirishani. Sauda alikuwa pale na meza yake, mfanyabiashara wa watu wa Maniema, anauza sabuni, samaki wa kopo na mishumaa.

"Mama Sauda! Utupatie bougie!"

"Na jua hili?" akacheka. "Wametodisti, mumehamia kwa Wakatoliki?" Lakini akazipitisha kwenye nondo, na kopo tupu la samaki juu yake.

"Bougie za nini?" Divin akauliza.

"Za kusali," Philémon akajibu.

"Basi musali na nguvu."

Nikakata waya zote, nikaanza upya. Kila micro inatoa waya mbili: moja inabeba sauti, ya pili ni ya kurudi, tunaiita masse. Masse zote nikazikusanya nyuma ya kitufe cha sauti, nikazisude pamoja, maana zamani zilitawanyika na gitare ikawa inavuma kama nyuki. Zile za sauti nikazipeleka kwenye swichi yenye nafasi tatu: huku micro moja, kule ya pili, katikati zote. Swichi ilikuwa na kutu, nikaikwangua na wembe. Kutoka swichi, kitufe cha sauti, kisha cha ukali, kisha tundu la kuchomeka kamba ya bafle.

Mwisho nikayeyusha mishumaa ndani ya kopo. Nta ikichemka, plastiki ya micro inayeyuka, na ya akiba hatukuwa nayo. Nikawa natoa kopo motoni, narudisha. Nikaizamisha ile micro ya shingo. Vipovu vikapanda, vidogovidogo.

Divin akainama. "Hiyo njo dawa?"

"Dawa."

"Ya nini?"

"Ya kukohoa."

Philémon akacheka, halafu akajiziba mdomo. Vipovu vilipokwisha, nikaitoa ipoe, nikairudisha chini ya nyuzi.

Jua likiwa linashuka, Abner akaja na batri. Philémon akapiga micro ya nyuma: kali, safi. Akapiga ya shingo: nzito, tamu, hata bega la Divin likatikisika. Abner akainua mkono. Akainama juu ya nyuzi kama mtu wa telefoni.

"Allô. Lubumbashi, munanisikia?"

Bafle kimya. Akakohoa. Kimya. Akasogeza mdomo zaidi: "Colonel wetu ni mwizi wa mafuta."

Kimya. Divin aliangalia bati la juu, kama mtu asiyesikia.

"Si micro ya espion," Abner akasema. Philémon akashika kofia yake. "Twende sasa, mon lieutenant?"

"Muende wapi? Mwalimu, rudia ile uliyopiga." Akasikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa. "Muntu anayetengeneza hivi bila courant, bila umeme, namwachilia? Radio zangu zote za vita zimekufa. Weye vieux, uko technicien wangu. Mwalimu ataniundia orchestre."

"Na treni yangu?"

"Treni gani?"

Mlango ukaachwa wazi, Divin akiwa amesimama katikati yake.

Nilitengeneza radio zao mpaka Abner alipohamishiwa mstari wa mbele wa vita, upande wa mto. Alikwenda na gitare. Hakurudi, wala gitare. Divin alitoroka jeshi, analima mahindi Kaniama. Philémon alirudi shuleni; kwaya inaimba bila gitare. Talitha aliolewa Likasi. Sauda alikufa kwa homa, meza yake ina mtu mwingine. Minyi niko Mulongo, natengeneza radio za wavuvi. Treni ya Lubumbashi sijaipanda tena.