Msamaha wa Mkekani

Fahima hakutaka nyumba wala mbuzi. Alichotaka katika korti ya kadhi ni Ilhan tu, binti yake wa miaka minne. Na ushahidi alikuwa nao, wallahi! WhatsApp nzima ya vitisho vya mumewe Ridwan, mfanyabiashara wa mifugo pale Mwingi. Alikuwa nao mpaka Ramadhani.

Ramadhani hiyo mzee Abdulkadir, ami yake Ridwan, aliwaita kwake Kibwezi wapatane. Kwao suluhu ina adabu zake siku hizi: simu zinawekwa mkekani, kila mmoja anafuta meseji za ugomvi mbele ya wazee, kisha mnafuturu pamoja. "Ukisamehe na bado umeweka, hujasamehe," mzee alisema. Fahima akafuta zote. Mjinga wee! Lakini nani angebishana na mzee, futari imeshapakuliwa? Ridwan naye akafuta, mpole, macho chini. Kumbe picha za meseji alizozitaka alishamtumia dada yake, Shamso.

Sasa Shamso alisimama kortini na karatasi iliyoprintiwa. Kadhi akasoma: "Basi mchukue mtoto, mimi nimechoka."

"Haya ni maneno yako, mama?"

"Ni yangu, Sheikh. Lakini kabla yake aliniandikia atanivunja mkono mbele ya mtoto nisipompa. Niliogopa."

"Na hayo yake yako wapi?"

Fahima akamgeukia mzee Abdulkadir. Mzee alipangusa miwani yake, akapangusa tena.

"Niliwaona wakifuta. Sikusoma. Na ya mkekani hayatoki mkekani."

Fahima alitamani kupiga yowe. Kadhi alimwonea huruma, lakini huruma si ushahidi. Akaamuru Ilhan akae kwa baba hadi kesi iishe.

Nje, Ridwan alimpakia mtoto garini akilia, "Mama!" Gari lilikuwa halijatoka getini meseji ya Ridwan ilipoingia kwenye simu ya Fahima. "Mfuate sasa, nikuvunje huo mkono."

Alirudi mbio, kiatu kimoja kikabaki ngazini, hadi kwa Nzilani, karani wa korti.

"Soma! Soma mwenyewe!"

Nzilani aliishika simu, akaisogeza karibu na macho. Kwenye kioo palibaki maneno: "Ujumbe huu umefutwa."

"Ulikuwa unasema nini, dadangu?"

Fahima akamwambia, neno kwa neno. Nzilani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Nakuamini," alisema. "Lakini siwezi kuandika."