Madoa ya Trei Nyeupe

Jani la mnyanya lilikuwa na vumbi kidogo, nami nikalifuta kwa ncha ya mtandio wangu, kama nilivyokuwa nikimfuta binti yangu mashavu kabla ya kwenda shule. Hapo ndipo nilipoharibu. Nawaandikia nyinyi wenzangu mliozaa wasomi: mkiingia kazini kwao, mikono ikae mgongoni.

Woga ndio ulionipeleka. Binti yangu alikuwa akifuga bakteria, na mimi niliyeishia darasa la saba nilidhani watamla mapafu. Akaniingiza kwenye kitalu cha kioo nione mwenyewe.

"Hawa wanashambulia nyanya, mama, si watu."

"Na mnyanya unajuaje kwamba umevamiwa? Hauna macho."

Akaketi juu ya ndoo, uso umemng'aa. Akanieleza kwamba jani likihisi bakteria, kalsiamu humiminika ndani ya seli zake. Humo zimo protini zinazoingoja. Zikiinasa hubadilika umbo na kupiga mbiu, na jani hufunga vitundu vyake vya kupumulia, likajiandaa kupigana. Yote hayo bila ubongo. Nilistaajabia jani, nikaustaajabia zaidi mdomo uliokuwa ukilieleza, ule ule niliouachisha ziwa kwa taabu.

"Mimea ya trei hii nyekundu tumeiondolea protini moja, kisha tukaipa bakteria," akasema. "Ile nyeupe ni mimea kamili ya kulinganishia. Hiyo isipate ugonjwa kabisa."

Akatoka kupokea simu. Nikaifuta nyekundu kwa huruma. Kisha, nisionekane na upendeleo, nikaifuta nyeupe kwa mtandio ule ule.

Siku ya tano akanipigia, sauti imekauka. "Trei nyeupe imetoka madoa. Sijui nilikosea wapi. Mkuu wangu anasema kazi ataikabidhi kwa mtu makini zaidi."

Mtandio ulikuwa begani mwangu. Nikamwambia pole, mwanangu, nikakata simu. Siku mbili nilipika, nikafua, nikajibu salamu za majirani, na ulimi ukagoma. Nililikumbuka lile jani. Kitu kisicho na ubongo kinaguswa na papo hapo kinatoa taarifa. Mimi mwenye akili timamu nimejua, na nimekaa kimya.

Asubuhi ya tatu nikaenda kazini kwake. Nikamkuta anafungasha madaftari.

"Ni mimi," nikasema. "Niliifuta ile nyekundu, halafu nyeupe. Kwa huu."

Akautazama mtandio. "Mama, kazi ya miaka miwili."

"Najua."

"Ulitaka kuyaogesha majani?"

"Yalikuwa na vumbi."

Akafunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa akilia au akicheka. Kisha akanivuta mkono hadi kitaluni. Trei nyekundu ilikuwa imeoza hadi mashinani. Nyeupe ilikuwa na vidoa vikavu, vidogo kama vichwa vya pini, vilivyoishia palepale vilipoanzia. Juu yake majani mapya yamechipua.

"Yamepigana. Haya yana ile protini," akanong'ona. Akachukua kalamu na nyuzi. "Nionyeshe uliyoyagusa, moja moja. Mkuu nitampelekea yote, na jina lako."

Nikayaonyesha kwa kidole, bila kugusa, naye akafunga uzi kwenye kila kikonyo. Tulipofika jani la mwisho, nikasita.

"Hilo sina hakika," nikasema.

Akaandika hivyo hivyo.