Kabla ya Kuhamia Mikumi

...na maji hayajachemka bado, naye Yared yuko uani anaongea na simu kwa sauti yake ile ya mimbarini, "ndiyo, Godfrey, ndiyo, bati nazileta Mikumi kesho," halafu ananigeukia dirishani, "Naomi, fundi anauliza, dirisha la jikoni litazame barabarani au milimani?", nami nakoroga sufuria isiyo na unga, litazame Kitui, ndivyo ninavyotaka kumjibu, litazame kwetu Kenya, maana jana nilimwambia wazi, nyumba ikiisha hamia wewe, mimi narudi nyumbani, hakunitolea hata mstari mmoja wa Biblia, na mume wangu mmisionari akikosa mstari ujue ameumia, lakini nimechoka, miaka miwili hapa Kilosa, bado nikifungua kinywa sokoni wanacheka, huyu Mkenya huyu, siku ya kwanza nilisema nipe nyanya, na Mama Mwanakheri, mtu mzima, muuzaji, jirani yangu hapa mtaani Mabwerebwere, akaziweka nyanya chini taratibu, "Mwanangu, hapa tunaamkia kwanza, halafu tunaomba," shikamoo, marahaba, naomba nyanya, nikanuna njia nzima... "Naomi, unasikia?" nasikia, ngoja... halafu mwaitu akafariki, mama yangu mzazi, mwezi wa nne, mafuriko yamekata barabara, akazikwa Kitui mimi nikitazama kwenye simu, jeneza linashuka, picha inaganda, linashuka, inaganda, nikaizima nikajifungia chumbani, Yared anagonga, tuombe mke wangu, nikamwambia omba wewe, kisha nikasikia mkeka unakung'utwa uani, nikachungulia, Mama Mwanakheri anatandika, nyuma yake wanawake wa mtaa, huyu na kuni, huyu na mchele kwenye ungo, nikasema jamani, msiba uko Kenya, akasema, "Msiba upo alipo mfiwa, njoo ukae," nikakaa, nikalia kwa Kikamba, hakuna aliyeuliza nasema nini, na siku ya pili akaja Resiato, mke wa mfugaji wa kule bondeni, amevuka matope na kibuyu cha maziwa, wanawake wakageuza shingo, kwa sababu ng'ombe wa mumewe ndio waliomaliza mahindi ya Mama Mwanakheri msimu uliopita, watu wakashikiana mapanga, Yared aliitisha vikao vya amani mpaka akachoka, wafugaji walikuja siku yao, wakulima siku yao, nikawaza sasa watatukanana kwenye msiba wa mama yangu, Mama Mwanakheri akamtazama yule mwanamke miguuni, matope mpaka magotini, akasogea, kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja, "Pita ukae, mama, habari za mahindi tutazisema siku nyingine," na walizisema kweli, kwa ukali, hapo hapo uani kwangu, mimi nawachemshia chai, hawajapatana sawasawa mpaka leo lakini wanaamkiana, na Resiato akija mjini huanzia kwangu, haniulizi kama nipo, anaita tu... "Naomi, mtu yuko hewani!"... na jana mchana nilipomwambia Mama Mwanakheri kwamba tunahamia Mikumi alipepeta mchele wake, akapuliza makapi, mwisho akasema, "Haya. Na huko nani anakujua?", ndipo nikarudi ndani na hasira zile, nikamrushia Yared neno Kitui, Kitui ipi, mwaitu hayupo, nyumba yake ina kufuli, ni nani ananingoja kule, mimi nilitaka kusema sitaki kuondoka hapa na sikujua linasemwaje, sikujua kama hapa pamekuwa kwetu, Mungu wangu, nimepata kwetu nikiwa na mizigo mlangoni, na Mama Mwanakheri naye alinikuta bila kunijua, mgeni mwenye kununa, mtu wa dini nyingine, akaja na mkeka wake, hakungoja kuitwa, basi Mikumi kuna mwanamke, lazima yupo, amejifungia chumbani saa hii na uani kwake hapana mtu... Yared amesimama dirishani, simu imenyooshwa kwangu, "haloo, haloo," anasema Godfrey, maji ndiyo kwanza yanaanza kutoa mvuke, nami nasogea, "Muulize," nasema, "jirani yetu wa karibu kule ni nani? Anaitwaje?"