Miezi Minane ya Ha-rim

Ha-rim alikuja ofisini kwetu Mokpo Jumatatu asubuhi akiwa na barua mkononi. Nyuma yake aliingia Mama Ok, mama yake wa malezi, kabeba bakuli la viazi vitamu vya moto. Barua ilisema msichana huyo amepata chumba katika nyumba za serikali za vijana kule Gwangju. Alitakiwa kutia saini mkataba kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Asipotia, chumba kingekwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

"Sasa tatizo liko wapi?" niliuliza.

"Nilikwenda, wakanirudisha. Wanasema mimi ni mtoto," alijibu Ha-rim.

"Mtoto!" Mama Ok alilitua bakuli juu ya faili la mtu mwingine. "Ana miaka ishirini huyu. Nilimpokea akiwa na tisa. Kuhesabu najua, Bwana Pyo."

Nilisogeza bakuli, nikaomba cheti cha usajili. Ha-rim alizaliwa Novemba. Kwa hesabu ya Kikorea tuliyokulia, mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja tayari, na kila mwaka mpya humwongezea mwingine, kwa hiyo Mama Ok hakukosea kujumlisha. Lakini sheria huanza na sifuri. Kwa sheria, Ha-rim alikuwa na miaka kumi na minane na miezi minne, na mtu mzima ni aliyetimiza kumi na tisa.

"Ati sifuri," alisema Mama Ok. "Huko tumboni alikuwa anafanya nini? Likizo?"

Baadaye, Ha-rim alipokwenda kunawa mikono, Mama Ok aliniambia yaliyobaki kwa sauti ya chini. Miaka miwili iliyopita ofisi ya watoto ilimpa fomu ya kuomba mahakamani awe mlezi wa kisheria. Aliiweka kwenye droo. Aliona msichana atakuwa mtu mzima kabla hata faili halijafunguliwa. "Nimemharibia mwanangu," alisema.

Nilimwambia mama yangu mzazi anahesabu vilevile mpaka leo. Hilo halikumtuliza, lakini alikula kiazi.

Mimi si wakili. Nimekuwa karani wa Wakili Tak kwa miaka kumi na saba, na sheria nimejisomea mwenyewe, kifungu baada ya kifungu. Vijana wanaotoka kwenye nyumba za malezi huja kwetu mara nyingi, na wengi hukwama hapahapa. Mwanamke aliyempikia mtoto miaka kumi na moja hawezi kumkubalia mkataba. Anayeweza ni mzazi aliyemo kwenye usajili. Mama mzazi wa Ha-rim alikwishafariki. Baba alikuwepo, jina lake Seol Dong-uk, lakini hakuonekana tangu siku aliyomwacha.

Wakili Tak alisikiliza akiwa amesimama, kama kawaida yake. "Njia ni mbili," alisema. "Tuombe mahakama imteue Mama Ok kuwa mlezi. Hiyo haiishi kabla ya Ijumaa, lakini itawasaidia hadi Novemba. Au baba akubali kwa maandishi, kwa muhuri wake. Tutashika zote mbili."

Ha-rim alikuwa akichonga jino la nta kwa kisu kidogo. Kazi iliyokuwa ikimngoja Gwangju ilikuwa ya kutengeneza meno bandia, na alikuwa akifanya mazoezi popote alipokaa. Kisu kilisimama.

"Miaka kumi na moja sijamwomba hata penseli."

"Humwombi," alisema Wakili Tak. "Unamwambia amalize kazi ambayo sheria bado imemwachia."

"Akitia muhuri, atapata nguvu gani juu yangu?"

Katika miaka yangu yote pale, ni wachache waliouliza hivyo. Nilimjibu kwamba muhuri ni sawa na saini tu, na hatapata nguvu yoyote mpya. Karatasi ningeiandika mimi, nayo ingetaja chumba hicho na mkataba huo, basi.

"Basi mtafute," alisema. "Kuongea nitaongea mwenyewe."

Jumanne asubuhi niliwasilisha ombi mahakamani, kisha nikapanda basi kwenda Yeosu kwenye anwani iliyokuwa kwenye usajili. Nilimkuta baba yake akiziba tairi la lori. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno. Sikumwuliza kwa nini alimwacha mtoto, maana sikutumwa hilo. Aliandika namba yake nyuma ya kadi yangu. "Akitaka kupiga," alisema, "nitapokea."

Jumatano Ha-rim alipiga simu akiwa mezani kwangu, spika imewashwa tusikie wote.

"Mimi ni Seol Ha-rim. Ijumaa saa sita mchana, ofisi ya Wakili Tak, Mokpo. Uje na muhuri wako uliosajiliwa na cheti chake. Cheti kipya, si cha zamani."

Yule bwana akasema, "Lakini si umeshakuwa mtu mzima? Mwaka jana nilihesabu, ukawa na kumi na tisa. Nikajua sina nafasi tena."

Mama Ok aliangalia dari.

"Na wewe pia!" alisema Ha-rim. "Nyie hesabu mlisomea wapi?"

Ijumaa baba alifika saa sita kasoro dakika kumi, na shati limepigwa pasi. Mama Ok alimpa kiazi bila kumsalimia. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini, akasoma karatasi mara mbili.

"Hapa pameandikwa chumba hiki tu," alisema.

"Ndicho ninachohitaji," alijibu Ha-rim.

Baba alipulizia muhuri pumzi, akaukandamiza. Wino ulitoka safi. Nililinganisha alama na ile ya kwenye cheti, mstari kwa mstari, nikatikisa kichwa kukubali.

Baba alipokuwa akivaa viatu mlangoni, Ha-rim alimfuata. "Novemba sheria haitakuhitaji tena."

"Najua."

"Mama hupika supu ya mwani siku yangu ya kuzaliwa. Ukija, acha muhuri nyumbani."

Aliitikia kwa kichwa, akaondoka na kiazi chake.

Tulifika Gwangju saa tisa kasorobo. Karani wa nyumba alikuwa yuleyule aliyemrudisha Ha-rim mara ya kwanza. Alisoma idhini, akasoma stakabadhi ya mahakama niliyoambatanisha chini yake, akatafuta kosa na hakuliona. Akavuta fomu ya mwisho.

"Umri wa mpangaji?"

Mama Ok alifungua mdomo. Ha-rim alimgeukia, akamngoja.

"Kumi na minane," alisema Mama Ok. "Na miezi minne."

Ha-rim akachukua kalamu, akatia saini.